Kosa la Kumpita Mwasisi

Haikuwa zamani, ilikuwa mwaka juzi. Wala haikuwa mbali, ilikuwa kwetu. Na kwetu si kwenu, kwa hiyo msomaji kaa kwa raha, hakuna anayekusema.

Kutoka uwanja wetu wa ndege mpaka Lango la Mji wa Kale ni kilomita kumi na moja. Barabara ni ya lami, pana, imenyooka, na safari huchukua saa tano na dakika ishirini. Wageni wakisikia hivyo hudhani tuna foleni. Foleni hatuna, tuna historia.

Siku Mwasisi wa Taifa aliporudi kutoka ng'ambo na karatasi za uhuru mkobani, alitoka uwanjani saa tano asubuhi akaingia mjini saa kumi na dakika ishirini. Njiani alisimama mara saba. Kila aliposimama alitamka neno, kisha akainua mkono mbele ya paji la uso, kiganja kikitazama nje, kichwa kimepinda kidogo pembeni. Hiyo ndiyo saluti yetu ya taifa. Tunaipiga shuleni, mahakamani na kwenye harusi, na sanamu zote saba za barabarani zinaipiga usiku na mchana bila kuchoka.

Mwasisi alipofariki, Bunge likapitisha Sheria ya Mwendo. Yeyote atokaye uwanjani kwenda mjini atafuata mwendo ule ule, vituo vile vile, kwa muda ule ule. Mbele ya msafara hutangulia gari jeusi ambalo kiti chake cha nyuma hakikaliwi na mtu, maana ni cha Mwasisi. Kulipita gari hilo ni kosa la Kumpita Mwasisi, kifungo miaka minne. Gari la wagonjwa lina msamaha maalumu: linaruhusiwa kumkaribia.

Utauliza, na anayetoka mjini kwenda uwanjani? Mwasisi hakuipita barabara ile kurudi, kwa kuwa baadaye alipata helikopta. Kwa hiyo ni marufuku mtu kuonekana juu yake akiupa mji kisogo. Teksi zetu huenda uwanjani kwa rivasi, kilomita zote kumi na moja, pua ya gari ikiutazama mji kwa adabu. Madereva wetu wana shingo ambazo madaktari wa nchi za nje huja kuzipiga picha. Waendao kwa miguu huenda kinyumenyume. Hata jeneza, kwa sababu makaburi yetu yako Kisimani, kilomita moja na nusu nje ya Lango, hubebwa kinyumenyume, na imamu akitangulia nyuma. Tumezoea.

Mimi nilikuwa katika Bendi ya Mapokezi miaka kumi na tisa. Jina langu halina haja. Hata kwenye orodha ya watumishi nimeandikwa Tarumbeta ya Pili.

*

Siku hiyo ndege ilitua saa nne na nusu. Abiria walikuwa thelathini na wanne, na wa kwanza kutoka alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, amejitanda kanga nyeusi, ana begi dogo moja la bega. Hakungoja mizigo. Alitupita sisi bendi tukiwa tunapuliza wimbo wa kukaribisha, akaelekea barabarani kwa miguu.

"Mama! Mama mgeni!" akaita Bwana Fulgensi Mkamba.

Bwana Fulgensi ndiye Mratibu Mkuu wa Mwendo. Ni mtu mfupi mwenye suti ya kaki na sauti ya kanisani, na kifuani ana beji saba, moja kwa kila kituo. Inasemekana akiwa nyumbani kwake hutoka sebuleni kwenda kulala kwa kusimama mara saba, lakini mimi sikuyaona.

"Mimi si mgeni," yule mwanamke akasema. "Naitwa Mwanamvua Khatibu, mzaliwa wa Mji wa Kale, mtaa wa Mafundi. Nauguza wagonjwa ng'ambo mwaka wa kumi na nane huu. Baba yangu amefariki jana magharibi. Wamemchelewesha kwa ajili yangu, wanamsalia alasiri. Niruhusuni nipite, nimwone uso kabla hajatolewa ndani."

Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Binti humuaga baba yake nyumbani, na jeneza likishavuka kizingiti, basi tena. Hata Bwana Fulgensi alilijua hilo. Akavua kofia.

"Pole sana, mama. Taifa linakupa pole. Mwasisi mwenyewe alifiwa na baba."

"Ahsante. Alasiri ni saa tisa na robo. Nikitembea sasa hivi nafika adhuhuri haijaadhiniwa."

"Ukitembea sasa hivi, mama, utakuwa umempita Mwasisi kwa saa tatu na ushei," Bwana Fulgensi akasema kwa upole. "Na marehemu, nina hakika, asingependa bintiye aanze matanga akiwa na kesi. Lakini serikali yako haina moyo wa jiwe. Ipo Fomu ya Dharura."

Akaichomoa mfukoni. Mwanamvua akaijaza akiwa amesimama, akamrudishia.

"Vizuri kabisa. Itashughulikiwa Kituo cha Saba."

"Kituo cha Saba si Langoni?"

"Ni Langoni, mama. Ukishafika."

Niliona haya, lakini tarumbeta ina faida yake: ukiipuliza, hakuna anayetarajia useme neno. Nikapuliza.

*

Bendi na abiria hupanda basi moja, nyuma ya lile gari jeusi. Mwanamvua alikaa kando yangu, simu mkononi. Mara mbili ilimlilia, na mara zote mbili alikuwa kaka yake, Mbwana.

"Uko wapi, dada?"

"Kituo cha Kwanza."

Mbwana hakuhitaji kuelezwa zaidi, maana kila mzaliwa wa kwetu anajua hesabu ya vituo. Kisha akasema, "Nitawaomba wavute muda. Lakini joto, dada. Unajua mwenyewe joto."

Kituo cha Kwanza tuliteremka, tukasimama mbele ya sanamu. Bwana Fulgensi akapanda jukwaani, akafungua jalada la ngozi na kusoma maneno ya Mwasisi ya mahali pale, ambayo ni haya: "Jamani, joto." Kisha akayafafanua kwa dakika thelathini na tano. Alitueleza kuwa hilo lilikuwa joto la ari ya umma, na kwamba kiongozi wa kawaida angesema "jua kali". Tukapiga saluti. Kila abiria akagongewa muhuri kwenye Kitabu cha Mwendo.

Kituo cha Pili maneno ni "Tutafika tu," ndiyo Dira yetu ya Maendeleo. Kituo cha Tatu ni "Nani ana maji?" Maneno hayo yamechongwa juu ya mlango wa Wizara ya Maji, na Wizara mpaka leo inauliza.

Pale Kituo cha Tatu kuna ubao wenye picha kubwa ya siku ile. Mwasisi amesimama kando ya gari, mkono mbele ya paji la uso. Pembeni picha imekatwa, lakini mkataji hakuwa makini, akabakisha mkono mmoja mweusi wenye kopo la maji, unaotokea hewani, hauna mwenyewe. Vitabu vya shule vinasema ni Mkono wa Umma.

Mwanamvua aliusogelea ubao, akauweka mkono wake juu ya ule wa kwenye picha.

"Huu ni wa baba," akasema.

Nilitazama huku na huku. "Dada, tafadhali."

"Tazama kidole gumba. Kucha haipo, aliipoteza kwenye feni ya lori. Mzee Khatibu Shomvi, dereva. Ndiye aliyemwendesha Mwasisi."

Nilimwambia nina kazi ya kusafisha tarumbeta. Lakini basi ni dogo, na masikio hayakuumbiwa vifuniko. Tulipoondoka alinisimulia taratibu, macho dirishani, na mimi nikasikia yote huku nikijifanya sisikii. Gari walilopewa siku ile lilikuwa bovu. Rejeta ilikuwa inavuja. Kila kilomita moja na nusu injini ilichemka, dereva akalazimika kusimama, kufungua boneti na kuomba maji kwa watu wa kando ya njia, kisha wakangoja ipoe. Mwasisi alikuwa na haraka kuliko wote. Aliteremka kila mara akiwa amenuna, akasogea kutazama, na dereva alipozungusha kifuniko, mvuke ukamrukia usoni.

"Ndipo akainua mkono," Mwanamvua akasema. "Hivi. Na kichwa akakipinda pembeni asiungue. Baba alikuwa akituonyesha kila Idi, tunacheka mpaka mama anakasirika."

Nilihesabu kimoyomoyo. Miaka kumi na tisa, mara saba kwa siku, Ijumaa mapumziko. Nilikuwa nimekwepa mvuke mara elfu arobaini na zaidi, na sikuwahi kuungua.

"Hamkumwambia mtu?"

"Baba alikwenda Wizarani kuwaeleza. Wakamwambia kumbukumbu yake ina makosa. Wakamnyang'anya leseni, wakasema dereva anayesimama mara saba katika kilomita kumi na moja hafai."

*

Saa tisa na robo tulikuwa Kituo cha Tano. Maneno ya Kituo cha Tano ni "Subirini ipoe," na ufafanuzi wake ni mrefu kuliko wote kwa sababu ndiyo sera yetu ya uchumi. Katikati ya ufafanuzi adhana ikasikika kwa mbali kutoka mjini. Mwanamvua alimwendea Bwana Fulgensi palepale jukwaani.

"Bwana Mratibu, nakuomba. Wanaswali sasa. Nipe hata pikipiki ya askari. Nitafungwa hiyo miaka minne, nitaisaini sasa hivi. Nataka uso tu, niuone."

Bwana Fulgensi alimtazama kwa huruma ya kweli kabisa. Mtu huyu si mkatili, na hilo ndilo lililo baya zaidi.

"Mama," akasema kwenye kipaza sauti ili sote tufaidike, "machozi yako ni ya thamani. Lakini tujiulize: ikiwa kila mwenye uchungu ataruhusiwa kufika, Mwendo utabaki na nani? Kaa chini. Tutakuombea dakika moja ya kimya, nje ya ratiba."

Dakika ile ilituchelewesha dakika tano, kwa sababu ilibidi ifafanuliwe.

Ndani ya basi Mwanamvua hakulia tena. Simu ilipolia aliitazama tu mpaka ikanyamaza. Nilitafuta wimbo wa kumfariji. Katika nyimbo zote nijuazo hakuna hata moja ya mtu aliyechelewa.

*

Kituo cha Sita ni Kisimani. Kuna kisima, sanamu, jukwaa lenye meza iliyofunikwa bendera, na ng'ambo ya barabara ukuta wa makaburi. Saa kumi kasoro dakika kumi tulikuwa tumejipanga, tarumbeta mdomoni, Bwana Fulgensi amefungua jalada lake la ngozi.

Ndipo tukaona migongo.

Kutoka upande wa mji ilikuja migongo mingi, kanzu nyeupe na mashati, ikisogea kwetu polepole, visigino vikipapasa lami. Juu ya mabega palikuwa na jeneza lililofunikwa shuka ya kijani. Hakuna aliyeweza kuona uso wa yeyote. Bwana Fulgensi akashusha sauti, maana sheria inasema maiti apite kando ya kituo bila kukatisha hotuba.

Mwanamvua alikuwa amesimama mstari wa nyuma. Nilimwona akiikagua ile migongo mmoja mmoja. Kisha akauona mmoja, mpana, wenye bega la kushoto lililoshuka kuliko la kulia.

"Mbwana!" akaita.

Mgongo ule ukasimama. Mbwana hakugeuka, kwani kugeuka ni kuupa mji kisogo. Akasema tu, shingo imekakamaa, "Dada? Ni wewe?"

"Ni mimi. Ndiye?"

"Ndiye, dada. Tumengoja tukashindwa. Nisamehe."

Mwanamvua akatoka kwenye mstari. Bwana Fulgensi akamwita kwa jina, kisha kwa namba ya kitabu chake. Hakuitika. Alikwenda mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya ubao, akasema, "Mshusheni kidogo. Nimwone."

"Hapa barabarani, dada? Juu ya lami?"

Mwanamvua akatazama huku na huku, akaiona ile meza.

Na hapa ndipo nilipofanya lile kosa langu. Nilikuwa karibu zaidi kuliko wote. Niliweka tarumbeta chini, nikasogeza kipaza sauti na jalada la ngozi, nikawaambia, "Leteni huku." Wakampandisha Mzee Khatibu Shomvi jukwaani, wakamlaza juu ya bendera. Imamu, mzee aliyeongoza mazishi kinyumenyume kwa miaka mingi, akageuka waziwazi akaja mbele, akafungua sanda usoni kwa mkono wake.

Mwanamvua aliinama. Alimtazama muda mrefu. Nilikuwa hatua moja tu, nikamsikia akisema, "Nimefika, baba. Nimechelewa lakini nimefika." Akambusu paji la uso. Kisha akaingiza mkono chini ya shuka, akaushika mkono wa kulia wa baba yake juu ya sanda, akapapasa mahali pa kile kidole gumba.

Bwana Fulgensi alikuwa amechanganyikiwa. Jukwaa limechukuliwa, hotuba iko chini, muda unakwenda, na kanuni haisemi lolote juu ya maiti anayehutubia. Katika hali hiyo mtumishi mwaminifu hufanya lile moja analolijua. Akakaza miguu, akainua mkono mbele ya paji la uso, kiganja nje, kichwa kimepinda, akabaki hivyo.

Mwanamvua akajiinua, akamwona. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi.

"Teremsha mkono, baba," akamwambia, bila hasira hata kidogo. "Rejeta imeshapoa."

Mmoja wa wabebaji, mzee wa umri wa marehemu, akaguna. Kisha akacheka, cheko moja fupi la msibani, lile linalotoka pamoja na machozi. Nadhani alikuwa mmoja wa waliotoa maji siku ile. Akaeleza kwa sauti, wakamsikia walio karibu, wakawapasha walio mbali, na kilio na kicheko vikachanganyika mpaka ng'ambo ya barabara.

Wakamfunika, wakambeba. Kwetu maiti akipita hupishwa, na mwenye bega hutoa bega. Abiria wakatoka kwenye mstari, bendi ikaacha vyombo kwenye majani, nami nikapata upande wa miguu. Wala hatukwenda kinyumenyume. Tulikwenda mbele, nyuso zetu zikitazama makaburi, kisogo chetu chote kikiwa mjini. Mwanamvua alibaki kwenye ukuta, kama ilivyo desturi, akitusindikiza kwa macho.

Nilipogeuka kutazama, Bwana Fulgensi alikuwa amebaki peke yake na sanamu. Mkono wake ulikuwa bado juu.

*

Mwanamvua hakufika Mji wa Kale. Alikosa muhuri wa Kituo cha Sita, na asiye na muhuri haingii. Walimrudisha uwanjani jioni ile ile kwa teksi, kwa rivasi, kwa hiyo aliutazama mji wake kilomita tisa na nusu nzima, ukizidi kuwa mdogo mbele ya macho yake. Matanga ya baba yake aliyakalia ndani ya ndege.

Mimi nilifukuzwa kazi kwa kosa la kutua chombo cha taifa juu ya majani. Tume ikaundwa. Ikalichunguza gari la Mwasisi lililoko makumbusho, ikatangaza kwamba halina rejeta, na ni kweli, waliing'oa Jumanne, wakatangaza Jumatano.

Lakini serikali yetu ni sikivu. Pale Kisimani wamejenga Kituo cha Nane, kukumbuka upendo wa Mwasisi kwa madereva. Kina jukwaa jipya na sanamu ya gari, boneti imefungwa. Dereva hayumo. Msafara sasa huchukua saa sita na dakika kumi, na mwenye msiba anapewa Fomu ya Dharura yenye nakala tatu.

Sina kazi, kwa hiyo asubuhi huenda kukaa kwenye ukuta wa makaburi. Kila alfajiri hukutwa kopo la maji mbele ya gari lile la saruji, na hakuna ajuaye nani huliweka. Askari wa zamu ametumwa kulikamata na kuandika ripoti. Nimemwona kwa macho yangu. Hutazama kulia, hutazama kushoto, kisha huimwagia pua ya gari maji yote, taratibu, akiwa amepinda kichwa pembeni. Ndipo anapotoa kalamu na kuandika kwamba kopo limekutwa tupu.